Boya Huwekwa Penye Mwamba

Baraza la Kompyuta: barua zenu na majibu ya Mwalimu, kutoka Ngamiani, Tanga

Barua za mwezi huu ni kama zimeambizana. Nne zinauliza jambo lile lile kwa midomo tofauti: programu ikiwa na la kukuonya, ikuonye wapi kwenye kioo? Nimeziweka pamoja. Za simu na printa zitangoja mwezi ujao, wenyewe mniwie radhi.

Kwa msomaji asiyeandika programu, neno moja kwanza. Edita ni mahali pa kuandikia tu. Unapiga herufi, inakuonyesha herufi. Yenyewe haijui kama umekosea. Anayejua ni programu nyingine iliyo nje yake, kikaguzi, ambayo husoma ulichoandika kisha ikatoa orodha: faili fulani, mstari fulani, kasoro fulani. Mwaka 1978, katika maabara ya Bell Labs kule Marekani, Stephen C. Johnson alitengeneza kikaguzi cha lugha ya C akakiita lint, yaani vile vinyuzi vinavyoganda kwenye nguo. Kikaguzi cha namna hiyo humwaga orodha yake mfululizo kisha kikanyamaza. Kazi ya kuichukua orodha hiyo na kuipa mahali pa kukaa ni ya edita, na hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Makorora, naandika programu ya duka la mjomba kwa lugha ya Python. Nimeweka edita mpya na kikaguzi, basi onyo moja linanijia sehemu tano kwa mpigo: mstari wa mawimbi chini ya neno, kitone pembeni, sentensi ndefu ya kijivu mwisho wa mstari, kidirisha kinachofumuka nikipitisha kipanya, na orodha kule chini. Nikiandika, ukurasa unayumba kama ngalawa. Rafiki yangu ananiambia nizime vyote, niangalie maonyo mara moja tu nikishamaliza kazi. Mwalimu, onyo likae wapi hasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako mshukuru kwa nia, ushauri wake uache. Mimi niliwahi kuzima vyote, na nitakueleza kilichonipata.

Mwaka 2014 niliandika programu ya kutunza michango ya chama kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa. Laptopu yangu ilikuwa na kioo cha nukta 1366 kwa 768, kama zilivyo nyingi za mitumba hapa mjini, na ile 768 ndiyo kimo. Paneli ya maonyo ilikaa chini na ikala theluthi nzima ya kimo hicho. Ikabaki nafasi ya kuona mistari kumi na kitu ya kazi yangu. Nikaifunga, nikasema nitaifungua mwishoni. Ndani ya kitanzi cha kujumlisha michango, yaani maagizo yanayorudiwa kwa kila mchango, nikaandika hivi:

jumal = jumla + mchango

Tazama vizuri lile neno la kwanza. Vidole vimepishana, l na a zimebadilishana nafasi. Python haikulalamika, kwa sababu kwake jumal ni jina jipya tu, na ni halali. Ikalipa thamani, ikalitupa, ikazunguka tena. Jumla yenyewe ilianza na sifuri na ikamaliza na sifuri.

Kikaguzi kiliona. Nilikuwa natumia flake8, na kosa hilo lina namba yake humo, F841: jina limepewa thamani na halikutumika popote. Kilisema. Kilisema kwenye paneli iliyofungwa, katikati ya maonyo sitini na zaidi ya E501, yale ya mstari uliopita herufi 79. Mwishoni nilipoifungua nilipitisha macho, nikaona E501, E501, E501, nikafunga.

Wiki iliyofuata mama mmoja mtu mzima alikuja nyumbani kwangu kutoka Duga. Karatasi yake ameikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga. Michango ya miezi kumi na mmoja imeorodheshwa vizuri, mmoja mmoja, na chini yake: Jumla 0. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwalimu, hela zangu zipo?" Zilikuwapo, na daftari la mweka hazina lilikuwapo. Lakini uso wake aliponiuliza nauona mpaka leo, na tangu siku hiyo sijalichukulia suala la mahali pa onyo kuwa ni la urembo.

Marehemu baba alikuwa baharia wa matishari, enzi meli zinatia nanga mbali na gati hapa Tanga na shehena inaletwa pwani kwa tishari. Kwenye mwamba uliosimama peke yake ndani ya maji mazuri, huwekwa boya jeusi lenye mkanda mwekundu na mipira miwili juu yake. Linawekwa hapo hapo penye mwamba. Ofisini bandarini ipo ramani yenye maboya yote, na lazima iwepo, maana bila hiyo huwezi kupanga safari. Ila aliye majini usiku hana nafasi ya kwenda ofisini kuuliza.

Basi kwanza: alama iwe penye kosa lenyewe, chini ya neno lililokosewa. Mstari mwembamba wa mawimbi unatosha. Jicho lako tayari liko hapo, halihitaji kusafiri. Kama ile jumal ingekuwa na wimbi chini yake, ningeiona kabla sijainua kidole kwenye kibodi.

Pili, na hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote: onyo lisisogeze maandishi. Alama iwe ya kuchorwa juu ya nafasi iliyopo, isijitafutie nafasi kwa kusukuma kazi yako. Ule mchezo wa ngalawa unaousema unatoka hapo. Chukua edita ya Vim, kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar aliyefariki 2023, ile ambayo ukiifungua bila faili inakuomba uwakumbuke watoto wa Uganda. Ukiiachia ilivyo, safu ya alama pembeni haipo mpaka onyo la kwanza litokee. Likitokea, safu inafunguka na ukurasa mzima unaruka kulia kwa nafasi mbili. Ukirekebisha kosa, unarudi kushoto. Unaandika, ukurasa unaruka. Unafuta, ukurasa unaruka. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio:

set signcolumn=yes

Hapo pambizo inakaa wazi muda wote, liwepo onyo lisiwepo. Nafasi mbili za upana utazipoteza daima, na mimi nazitoa kwa moyo mkunjufu, maana msomaji anashika mahali kwa jicho na mahali pakihama anaanza kutafuta upya. Emacs, edita nyingine, ile ya kwenye madirisha, ililiwaza hili zamani: ina ukingo mwembamba kila upande wa maandishi, upo siku zote, na alama za maonyo zinaingia humo bila kumgusa mtu.

Ile sentensi ya kijivu mwisho wa mstari wengi wanaipenda, nami naielewa furaha yao ya siku mbili za kwanza. Siku ya tatu unagundua kwamba husomi tena ulichoandika wewe, unasoma alichoandika kikaguzi. Mstari ukiwa mrefu, sentensi inakatwa na pembe ya kioo, inabaki nusu ambayo haikuelezi chochote. Neovim, edita iliyotokana na Vim, ilikuwa inaonyesha sentensi hizo bila kuulizwa. Kuanzia toleo la 0.11, la mwaka 2025, imeziacha mpaka mwenyewe uzitake. Naona walifanya sawa. Maneno ya onyo yaje ukiyaita: peleka kielekezi kwenye neno lenye wimbi, maneno yasomeke kwenye mstari wa chini kabisa au kwenye kidirisha kidogo, ukiondoka yaondoke.

Orodha ya chini usiifute. Ifunge, na ujue kitufe chake. Kwenye edita ya Visual Studio Code ni Ctrl, Shift na M kwa pamoja, na F8 inakupeleka kwenye kasoro inayofuata. Kwenye Vim ni :copen, na :cnext kwa inayofuata. Hiyo ndiyo ramani ya ofisini. Unaihitaji kosa linapokuwa kwenye faili ambayo hujaifungua, kwa mfano umebadilisha jina hapa na faili tatu kule bado zinaita jina la zamani. Wimbi chini ya neno haliwezi kukusaidia kwenye ukurasa usiouona. Kinachotakiwa muda wote ni hesabu ndogo tu kwenye mstari wa chini, makosa mangapi, maonyo mangapi, isomeke kwa jicho moja. Paneli inayojifungua yenyewe naikataa kabisa, kwa sababu ya zile nukta 768.

Halafu kuna wakati wa kusema. Mtu akianza "Jana nili..." humkatizi kumwambia sentensi yake haijakamilika. Kazi iliyo nusu daima ina kosa. Edita nzuri inangoja mkono utulie: Flymake, sehemu ya Emacs inayoendesha ukaguzi, husubiri nusu sekunde baada ya herufi ya mwisho, na Neovim haibadilishi maonyo yake mpaka utoke kwenye hali ya kuandika. Kama yako inapiga kelele kila herufi, tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuongeza muda wa kusubiri, au iambie ikague unapohifadhi faili tu.

Na maonyo hayalingani uzito. Mwaka 2016 kampuni za Microsoft, Red Hat na Codenvy zilitangaza utaratibu wa pamoja wa mazungumzo kati ya edita na programu zinazoielewa lugha, na ndani yake onyo linaweza kuja na daraja: 1 ni kosa, 2 ni onyo, 3 ni taarifa, 4 ni dokezo. Linaweza kuja pia na jina la msemaji, yaani kikaguzi kilichotoa onyo. Daraja hizo zitumie. Daraja la kwanza na la pili ziwekee wimbi. Zilizobaki ziishie kwenye orodha. E501 yangu ilistahili kukaa humo milele. Kilichonifanya nisiione F841 ni kwamba zote zilivaa nguo moja na kusimama foleni moja. Jina la msemaji nalo lionekane pale unapoita maneno, kwa sababu ukishajua ni kikaguzi gani kinachosema, utajua umsikilize kiasi gani na umnyamazishie wapi.

Kwako wewe basi, mwanangu: acha wimbi, acha pambizo ikae wazi daima, zima sentensi za kijivu, kidirisha kije kwa kitufe badala ya kufumuka chini ya kipanya, orodha ifungwe. Na ile programu ya mjomba, kabla hujampelekea, fungua orodha uisome mstari kwa mstari, usipitishe macho kama mimi.

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nasoma chuo, naishi Chumbageni. Shida yangu si mahali pa onyo kwa maana hiyo. Onyo langu linaangukia mstari usio wake. Linaonyesha mstari wa 52, kosa lipo wa 55. Siku nyingine wimbi linapita chini ya nusu ya neno na nusu ya neno la pili. Nimeanza kutokuliamini.

JIBU: Sijambo, binti yangu, na una haki ya kutoliamini. Boya lililokatika kamba na kuelea ni baya kuliko kutokuwa na boya. Ila kuna sababu tatu au nne tu, na kila moja ina dalili yake.

Kama onyo liko sawa unapofungua faili na linapotea njia ukishaandika, basi ni la zamani. Kikaguzi kilisoma faili iliyohifadhiwa kwenye diski, wewe ukaongeza mistari mitatu juu, na edita bado imeshika namba 52. Edita iliyofanya kazi yake vizuri haishiki namba: ikishapokea onyo inalibandika kwenye maandishi yenyewe, nayo yakishuka onyo linashuka nayo. Vim hufanya hivyo hata kwa orodha yake. Kama kiongezi unachotumia, ile programu ndogo inayoongezwa kwenye edita, hakifanyi, hifadhi faili kikague upya, na ukipata kingine kibadilishe.

Kama linakosea kwa mstari mmoja kamili kila mara, hapo watu wawili wanahesabu tofauti. Vikaguzi vingi huanza kuhesabu mistari kwa 1. Ule utaratibu wa 2016 niliotaja huanza kwa 0. Aliyeandika kiunganishi kati yao alisahau kuongeza au kupunguza moja.

La wimbi kupita katikati ya maneno linanigusa zaidi, kwa sababu linatupata sisi tunaoweka Kiswahili ndani ya programu. Angalia neno ng’ombe. Ukilichapa kwa ile alama iliyopinda, kwa macho yako ni herufi moja. Kwenye faili ya UTF-8, utaratibu wa kawaida wa kuhifadhi herufi, alama hiyo inachukua baiti 3, yaani vipande vitatu vya kumbukumbu. Kikaguzi kinachohesabu baiti kitasema kosa liko safu ya 24, edita inayohesabu herufi inakwenda ya 24 yake, na wimbi linaanguka nafasi mbili kulia. Weka ng’ombe wawili kwenye mstari, linaanguka nafasi nne. Herufi ya Kiarabu ni baiti 2. Vile vikatuni vya uso wa kucheka ni baiti 4, tena ule utaratibu wa pamoja, unaohesabu kwa vipande vya UTF-16, utaratibu mwingine wa kuhifadhi herufi, unavihesabu 2. Toleo lake la 3.17, la mwaka 2022, liliruhusu edita na mwenzake wakubaliane kwanza wanahesabu nini. Kwa hiyo sasisha vyote viwili, edita na kikaguzi. Wakati unangoja, ndani ya msimbo tumia alama iliyonyooka, ng'ombe, ambayo ni baiti moja kwa kila mtu. Ila chunga isigongane na alama za kufungia maneno. Na kama mistari yako inaanza kwa kitufe cha Tab, jua kwamba wengine wanakihesabu nafasi 1 na wengine 8.

Niandikie tena uniambie ilikuwa dalili ipi. Nataka kujua.

SWALI: Salaam Mwalimu. Ni fundi wa kompyuta hapa Mikanjuni, umri miaka 41. Nyekundu na kijani siwezi kuzitofautisha vizuri tangu utotoni. Edita yangu inaweka kitone chekundu kwa kosa na cha kijani kwa mstari ulio salama. Kwangu mimi ni vitone tu.

JIBU: Wa salaam, ndugu yangu. Hauko peke yako, na kosa si la macho yako. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, ambako jambo hili limepimwa sana, karibu 1 kati ya 12 ana tatizo la namna hiyo. Kwa wanawake ni 1 kati ya 200 hivi. Kutengeneza edita inayosema kwa rangi peke yake ni kuwaacha watu hao wote nje ya mlango.

Rudi baharini. Ukiingia bandarini kwetu kutoka bahari kuu, boya jekundu liwe kushoto kwako na la kijani kulia. Lakini waliopanga utaratibu huo hawakuishia kwenye rangi. Kichwa cha jekundu ni cha umbo la pipa, na cha kijani ni pembe iliyochongoka kwenda juu. Rangi ikipauka kwa jua au ikifunikwa na kinyesi cha ndege, umbo linabaki. Hivyo ndivyo nataka kwa maonyo. Neovim kwa kawaida huweka herufi pembeni, E kwa kosa na W kwa onyo, na herufi haichanganyi mtu. Kwenye orodha ya Visual Studio Code kosa ni duara lenye alama ya kuzidisha ndani, onyo ni pembetatu yenye alama ya mshangao. Mawimbi yake chini ya maneno ndiyo yanatofautiana kwa rangi tu, nazo unaweza kuzibadilisha: jaribu buluu iliyokolea kwa kosa na njano kwa onyo, uone kama macho yako yanazipokea. Kitone cha kijani cha mstari salama kizime kabisa. Mahali pasipo na mwamba hapahitaji boya.

SWALI: Shikamoo Mama. Nipo Bagamoyo, Dunda. Sijui hayo ya programu. Mimi nachapa barua, hati za mauziano na wasia wa watu. Ukurasa wangu wote ni mwekundu kwa chini, kila neno. Wateja wananiangalia wanadhani sijui kuandika. Mmoja aliniambia, "Mbona umekosea jina la mama yangu?" Jina lilikuwa sahihi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya niziweke hizi nyingine pamoja, maana shida yako na ya kijana wa Makorora ni moja. Kilicho chini ya maneno yako ni kikaguzi kama chake, ila chako kinakagua tahajia. Ile mistari ya mawimbi ya rangi nyekundu iliingia kwenye Microsoft Word na toleo la 1995. Kikaguzi chako kimepewa kamusi ya Kiingereza, kinasoma wasia wa Kiswahili, na kwa uaminifu wake wote kinasema kila neno halimo. Mahali pa onyo ni sahihi kabisa, chini ya neno. Msemaji ndiye asiyehusika.

Kwanza utulize moyo wa mteja: mistari hiyo haionekani kwenye karatasi iliyochapwa. Chapa ukurasa mmoja umwonyeshe.

Kisha tazama mstari wa chini kabisa wa dirisha lako. Pameandikwa jina la lugha, kwako bila shaka ni Kiingereza. Chagua maandishi yote, bonyeza jina hilo, tafuta Kiswahili. Kama unatumia LibreOffice, kamusi ya Kiswahili ya Tanzania ipo, alama yake ni sw_TZ. Ikiwa haimo kwenye kompyuta yako, fundi anaweza kukuongezea. Wekundu utapungua mara moja.

Hautaisha, na usishangae. Neno letu moja la kitendo linabeba mzigo wa sentensi nzima: "nitakapowapelekea" lina nafsi, wakati, "-po-" ya lini, na wanaopelekewa, yote yameshikana. Hakuna kamusi iliyoandika kila umbo la namna hiyo. Kikaguzi hujaribu kuyajenga kwa kanuni za viambishi, na mengine yanamponyoka. Kwa hiyo hata kikiwa cha Kiswahili, kichukulie kama mtu anayekugusa bega kusema "hebu angalia hapa", wala si hakimu. Ukiangalia na neno likawa sawa, endelea.

Majina ndiyo usiyavumilie. Jina la mama wa mtu aliyekaa mbele yako lisibaki na mstari mwekundu chini yake. Bonyeza jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuliongeza kwenye kamusi yako. Fanya hivyo kwa Mwanahamisi, kwa Kaole, kwa majina yote ya vijiji yanayorudi kwenye hati zako. Baada ya miezi miwili kurasa zako zitakuwa nyeupe, na wekundu ukitokea utakuwa na maana. Ila kabla hujaliongeza jina, msomee mwenyewe herufi kwa herufi, akitikisa kichwa ndipo ubonyeze. Likishaingia humo na kosa lake, kikaguzi hakitakuonya tena juu yake.